Siku Tuliyocheza Kibe Kwenye Mtama

Wanangu walimu, mmeniuliza watoto wafanywe nini chuo kikifungwa. Mmelalamika kwamba mkishafunga tu, mtoto anajilaza barazani kama gunia la nazi, akiinuka ni kwenda kula, akimaliza kula anarudi palepale. Mnasema mnawaambia "nendeni mkacheze" na hawaendi. Nimecheka, lakini si kwa kuwadharau. Mimi mwenyewe niliwaambia watoto "nendeni mkacheze" miaka mitatu mizima, na sikumbuki hata mmoja aliyekwenda.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwalimu Binti Shomari wa Kivinje. Nimefundisha watoto wadogo Kurani, wa kike kwa wa kiume, tangu enzi za Mdachi mpaka macho yalipoanza kukataa. Naandika kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa ndizo ninazozijua. Atakayenigeuzia katika hizi za shule asinipunguzie maneno, wala asinitie adabu nisizokuwa nazo. Nina mwili mkubwa, na nilikuwa nao tangu usichana. Nayasema haya mapema ili mkisikia habari za mbio mjue msimulizi alikuwa amekaa kitako kwenye mkeka, ukiacha siku moja tu.

Siku zetu chuo hakikufungwa kwa kutazama kalenda. Kilifungwa mtama ulipoanza kutoa masuke, wakati wa kipupwe, kwa sababu masuke yakitoka na kwelea nao wanatoka. Kwelea ni ndege mdogo wa kuenea kiganjani, lakini huja kwa maelfu, na kundi likishuka asubuhi, adhuhuri utakuta mabua matupu. Kwa hiyo watoto hupelekwa shamba kuamia, maana yake kushinda huko kutwa nzima wakifukuza ndege. Unajengwa ulingo wa miti, ndio tunaouita dungu, mtoto anapanda juu anatazama, kundi likija anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo, anashuka anakimbia mpaka upande wa pili. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo. Na desturi ilikuwa wanafunzi waamie shamba la mwalimu wao. Langu lilikuwa Miteja, nimerithi kwa baba.

Sasa msije mkadhani watoto walikwenda wakiruka kwa furaha. Wa mashamba walikwenda, maana ndiyo maisha yao. Wa mjini walikuwa taabu tupu. Kivinje ya wakati ule mtoto wa kiungwana alijulikana kwa kukaa. Anakaa vizuri, miguu kaikunja, kanzu haina vumbi, anaongea akiulizwa. Kukimbia ilikuwa kazi ya watoto wa watumwa. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na mpaka naolewa sikuwahi kukimbia hata mvua, nilitembea upesi tu.

Alikuwapo mwanafunzi wangu mmoja, Abdalla, mtoto wa mfanyabiashara wa mpira na nta. Mama yake alinijia amekunja uso. "Mwalimu," akasema, "mimi mwanangu nimemleta asome. Sikumleta akimbizane na ndege." Nikamjibu kwamba ndege pia ni viumbe vya Mwenyezi Mungu na mtoto hupata elimu kwao. Hakuamini, wala mimi sikuamini, ila nilikuwa nahitaji miguu shambani. Akamwachia kwa sharti kwamba asichomwe na jua. Abdalla alikwenda Miteja na mwavuli, mto wa kukalia na kijakazi. Siku ya kwanza alipanda dunguni, akakaa juu ya mto, akafungua mwavuli. Ndege wakija yeye ananyoosha kidole, na yule kijakazi ndiye anayekimbia. Nikasema haya ndiyo malezi yetu jamani, tuyaone kwa macho.

Aliyenitoa ujinga ni Bi Tabu. Huyu alikuwa mkulima wa Miteja, shamba lake limepakana na langu. Aliletwa pwani utotoni akiwa mtumwa, akajikomboa kwa jembe lake, na hakuwa na muda wa kumwogopa mtu. Alikuwa mfupi, mkavu, na kicheko chake kinasikika mashamba matatu. Alinikuta nimekaa chini ya kibanda nawafokea watoto wakimbie.

"Shikamoo Bi Tabu," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe mwalimu, unawaamrisha wakimbie?"

"Ndiyo, hawataki."

"Na maji umeyaweka wapi?"

Nikamwonyesha mtungi, upo pale kibandani, pembeni ya dungu.

"Chakula?"

"Hapa hapa, kwenye chungu."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Umewawekea kila kitu mkononi, halafu unataka watembee. Watembee kwenda wapi?"

Alichukua mtungi akaupeleka kwenye dungu la mwisho wa shamba. Mihogo ya kuchoma akaipeleka kwenye kona nyingine, na kaa la moto akaliacha kona ya tatu. Mtoto akitaka kula lazima achukue muhogo huku, akauchome kule, akanywe maji kwingine. Siku ya pili Abdalla alikuwa ameshalizunguka shamba mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na mwavuli ameutupa kwa kuwa unamzuia kushika muhogo. Siku ya tano alikuwa anabishana na wenzake nani ana kombeo linalofika mbali. Aliporudi mjini mama yake hakumtambua kwa weusi, na alinisusia mpaka Idi. Lakini mwaka uliofuata Abdalla alianza kuniuliza habari za mtama hata kabla masuke hayajafikiriwa.

Nimelieleza hili kwa sababu ndilo la kwanza. Mtoto humwambii akimbie. Unamwekea kitu anachokitaka mbali na alipo, halafu unanyamaza. La pili, ambalo nalo ni la Bi Tabu, ni kumpa kila mtoto mistari yake ya mtama. Ukisema "tulinde shamba" hakuna anayelinda. Ukisema "mistari hii kumi ni ya Mwanahawa, ndege akila hapa kamla Mwanahawa," utamwona Mwanahawa anavyoruka. Na la tatu, saa za jua kali walale. Ndege wenyewe mchana wanapumzika mitini, sasa wewe unamkimbiza mtoto ili iweje?

Nilifanya makosa mengine ambayo nayacheka mpaka leo. Mjini palifunguliwa shule ya serikali, na huko wavulana walifundishwa kunyoosha mikono na miguu kwa filimbi. Filimbi ikilia mikono juu, ikilia tena mikono chini. Watoto wa mtaani kwetu waliiga, na mimi nikaona haya ndiyo maendeleo. Nikatafuta filimbi. Mwaka ule kule Miteja niliwapanga watoto mstari mmoja pembeni ya shamba, nikapuliza, wakanyoosha mikono vizuri sana. Kwelea wakashuka nyuma yao wakala kwa utulivu. Bi Tabu akasimama mpakani akatazama, akaniuliza, "Mwalimu, hawa ndege tunawafukuza au tunawapokea wageni?" Filimbi niliifungia sandukuni.

Halafu ikaja vita.

Mnaijua habari yake, mmesimuliwa na wazee wenu, sitairudia yote. Watu walichoshwa na kodi na kulima pamba ya lazima, siku za kulima chakula chao zikaliwa na pamba ya jumbe. Milimani kwa Wamatumbi ndiko ilikoanzia, ikashuka. Sisi wa Kivinje tulijifungia. Chuo changu kilifungwa wakati si wake. Watoto walishinda ndani ya nyumba milango imekomewa, wanakatazwa kucheka kwa sauti. Niliona kwa macho yangu watoto niliowahangaikia miaka yote wanajifunza kukaa kimya kuliko uungwana wowote ulivyoweza kuwafundisha. Halafu ikaja njaa, kwa sababu mashamba na maghala ya bara yalichomwa na askari wa Mdachi walioshinda. Watu walichimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, wakaila mpaka ikaisha, wakaenda mbali zaidi kuitafuta, wengine hawakurudi.

Bi Tabu alikufa katika njaa ile. Nilipopata habari nikaenda Miteja na jirani zake tukamzika. Juu ya mafiga yake, kwenye moshi, palining'inia kibuyu kimezibwa kwa nta. Tulikifungua, tukakuta mbegu za mtama. Mtu alikufa njaa, na chakula kiko juu ya kichwa chake, kwa sababu alishakiita mbegu. Nimesomea watu wengi Kurani mazishini bila sauti kunitetemeka, lakini siku ile nilishindwa, akasoma mwingine.

Mbegu zile tulizipanda mvua zilizofuata, kipande kidogo tu katika shamba langu. Mjini hapakuwa na mbegu za kununua. Ikiwa kwelea wangekila kile kipande, mwaka uliofuata tusingekuwa na cha kupanda, sisi na wenzetu wote waliokuwa wanakitegemea. Kwa hiyo masuke yalipotoka nikafunga chuo kama zamani, nikaenda Miteja na watoto kumi na wawili. Watano walikuwa wa kwangu wa mjini. Saba walikuwa wa milimani, walioshuka pwani na jamaa zao wakati wa njaa.

Hao saba ndio walionishinda. Ukiacha mmoja nitakayemtaja, miguu wanayo, wepesi wanao, kazi ya kuamia wanaijua kuliko mimi. Lakini hawakupiga kelele. Kundi likija wanalitazama, wanashuka dunguni taratibu, wanatikisa bua kwa mkono. Niliwawekea maji mbali, wakaenda kuyanywa wakiinama chini ya mabua, wasionekane vichwa. Niliwagawia mistari, wakailinda kimya kimya. Wale wa mjini nao wakaanza kuwaiga. Shamba zima lilikuwa kama kuna mgonjwa.

Miongoni mwa hao saba alikuwamo Somoe. Alikuwa na miaka kama minane. Alilelewa na shangazi yake, Bi Sijaona, kwa kuwa wazazi wote wawili walikuwa wamekufa. Somoe hakutembea. Si kwamba alikuwa kiwete. Ukimsimamisha anasimama kidogo, ukimwachia anakaa, anakunja miguu, anatazama mbele. Ukimwekea chakula mkononi anakula. Hakusema neno hata moja. Mganga wa Mitole alimtazama, na mtu wa dawa wa mjini naye alimgonga magoti akasema miguu mizima. Bi Sijaona alimbeba mgongoni kila mahali, mtoto mkubwa vile miguu inaburuzika, na yeye mwenyewe amekauka kwa njaa mpaka mifupa ya mabega inahesabika.

Siku moja tukimenya mihogo aliniambia jambo lake.

"Mwalimu, mvua za kupandia zikikaribia nataka kurudi kwetu mlimani. Ardhi ya kaka yangu imebaki haina mtu. Nisipokwenda mimi, inakwenda."

"Ni vyema, nenda. Mbegu tutakugawia."

"Ni mwendo wa siku nne kupanda. Nikibeba mbegu na jembe na chungu, sitaweza kumbeba huyu. Nimejaribu kujibeba mwenyewe, hata mimi najishinda." Akachukua muhogo mwingine. "Kuna watu mjini wamesema watamchukua. Watu wasiokuwa na mtoto. Nimewaambia wangoje tuvune."

"Unawajua watu hao?"

"Siwajui, mwalimu. Ningekuwa nawajua ningelala."

Basi nikajua kazi niliyokuwa nayo. Kulikuwa na mtama wa kulinda, na kulikuwa na mtoto wa kusimamisha kabla ya mavuno, ama sivyo angeachwa kwa watu wasiojulikana. Nami nilijiona fundi. Si nilimkimbiza hata Abdalla na mwavuli wake? Nilimwekea Somoe muhogo hatua tano mbali. Akautazama mpaka ukaliwa na kuku. Nilimwekea hatua mbili. Nilimpa mistari ya mtama, nikaiita kwa jina lake. Nikamwimbia, nami sauti yangu si ya kuimbiwa mtoto mgonjwa. Hakuna.

Ndipo nikapata akili ninayoijutia. Nikasema, tucheze kibe.

Kibe mnakijua: mmoja anafumba macho, wenzake wanajificha, anawatafuta mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nilikuwa na hesabu yangu. Mtoto anayejificha katikati ya mtama anakimbia, anatikisa mabua, ndege wanaruka. Anayetafuta anapita mistari yote. Akimwona mwenzake wote wawili wanapiga ukelele. Shamba linalindwa, miguu inafanya kazi, na hakuna aliyeamrishwa. Nilijisifu moyoni kwamba hata Bi Tabu angelikubali hili.

Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka. Mwanahawa, mtoto wangu wa mjini, alifumba macho akaegemea nguzo ya dungu. Nikasema kwa sauti, "Haya, jificheni!" Na wale saba wa milimani, wallahi, sijaona kitu kama kile. Hawakukimbia kwa vishindo kama wetu. Walitoweka. Nageuza macho hivi, hakuna mtu. Nikageuka kumtazama Somoe kwenye kipande chake cha mkeka, na mkeka ulikuwa mtupu.

Nilipiga kigelegele. Nilimwita Bi Sijaona aliyekuwa akiokota kuni: "Njoo uone! Mtoto kaondoka kwa miguu yake!" Bi Sijaona alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akatazama mkeka. Nilitegemea afurahi. Aliuacha mzigo ukaanguka.

"Mmecheza nini?" akauliza.

"Kibe."

Akaanza kuwaita watoto.

Mwanahawa aliwapata wale wanne wa mjini upesi, wanachekacheka. Wa milimani walitoka mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwanza, kwa shida, baada ya kuona wenzao wamekaa wanakula. Sita. Wa saba, Somoe, hakutoka. Tuliita. Jua likapanda, tukaita. Jirani wakaja wakaita nao, wanaume kwa sauti nzito, "Somoe! Weee Somoe! Toka, mchezo umekwisha!" Mtama umenipita kimo, na ukimaliza mtama ni vichaka, na ukimaliza vichaka ni msitu wenye chui. Hapo ndipo nilipokimbia. Mwalimu Binti Shomari, na mwili huu, nilivua kanga ya juu nikakimbia mistarini huku nikiita, nikaanguka, nikainuka, nikakimbia tena. Watoto walinitazama midomo wazi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Adhuhuri ikapita. Mtoto yule alikuwa na nguvu kidogo tu mwilini, na jua lilikuwa kali. Niliogopa kweli. Nilijiona nimemwua mtoto wa watu kwa mchezo. Bi Sijaona aliketi chini ghafla kama aliyekumbuka jambo, akasema, "Nyamazeni."

"Tunyamaze vipi? Tutampataje?"

"Mnapomwita ndivyo anavyozidi kujificha. Nyamazeni wote."

Akanieleza. Vita ilipofika kijijini kwao, mama yake Somoe alimficha mtoto kwenye pango dogo la mawe, akaziba kwa matawi. Walikuwapo watu waliopita wakiita porini, tokeni, amani imekuja, na waliotoka hawakuikuta amani. Kwa hiyo mama alimwambia mtoto: usitikisike, na usitoke ukiitwa. Hata ukiitwa kwa jina lako. Hata ukisikia sauti yangu mimi, usitoke, kwa maana naweza kuwa nimeshikwa naambiwa niite. Utatoka ukisikia kinu. Ukisikia mtu anatwanga, ujue watu wamerudi nyumbani na wanapika, hapo toka. Mtoto alikaa. Siku ngapi, Bi Sijaona hakujua. Hapakuwa na aliyerudi kutwanga, na hapakuwa na cha kutwanga. Bi Sijaona alimkuta kwa kubahatisha, akamtoa kwa kumvuta mkono, mtoto akamwambia aliyoagizwa na mama yake, na tangu hapo hakusema wala hakusimama tena.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza, na niliuliza kwa ukali, Mungu anisamehe.

"Hukuniuliza, mwalimu. Uliniuliza miguu tu."

Wanangu, mkitaka kuchukua neno moja katika maneno yangu yote haya, chukueni hilo la Bi Sijaona. Miaka yote iliyofuata, mtoto akiletwa kwangu hataki kucheza, sikuanza na muhogo wala mistari. Nilianza na mama yake, shangazi yake, bibi yake, yeyote aliyemleta. Nilimkalisha nikamuuliza: huyu alianza lini kukaa, na siku hiyo kulikuwa na nini? Wengine walikuwa wavivu tu, hao nawajulia dawa. Lakini wengine walikuwa wamekaa kwa sababu, na sababu hiyo iliwahi kuwaokoa. Huwezi kumnyang'anya mtoto kitu kilichomwokoa bila kumpa kingine.

Basi kibandani palikuwa na kinu cha Bi Tabu, nilichokichukua baada ya mazishi. Nikashika mchi nikapiga kinu kitupu. Bi Sijaona akatikisa kichwa. "Huyo ni mtoto wa shamba. Anajua kinu kitupu kinavyolia. Atadhani ni mtego."

Tulitazamana. Chakula tulichokuwa nacho kilikuwa mihogo mibichi, na muhogo mbichi hautwangwi. Nafaka tuliyokuwa nayo ni ile iliyokuwa imesimama shambani, ya mbegu, ya kibuyu cha Bi Tabu, tuliyoihesabu suke kwa suke. Sikuomba ushauri. Nilichukua kisu nikaingia katika mistari niliyokuwa nimemgawia Somoe, kwa kuwa ndiyo iliyokomaa zaidi, nikakata masuke mpaka kanga ikajaa. Jirani mmoja alisema, "Mwalimu, hiyo ni mbegu." Nikamwambia naijua. Tulipukuchua kwa mikono, tukamimina kinuni.

Kisha nikawaambia watu wote wakae, wafanye kazi za kawaida. Mmoja akawasha moto. Watoto wakachoma mihogo. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaamia, kwelea walishuka mbele ya macho yetu, wakatua kwenye masuke, na hakuna aliyeinuka kuwafukuza. Mimi nikatwanga.

Sikuwa mtwangaji. Nimekua katika nyumba ya mjini, kazi hiyo ilifanywa na wengine, na aibu yake ilinipata siku ile. Mchi ulikuwa mzito, nikipiga mara moja unapiga katikati, mara ya pili unapiga ukingo, punje zinaruka nje. Mikono ikachubuka. Niliendelea. Jua likainama, kivuli cha kibanda kikafika kwenye mafiga. Nilitwanga nikiwa nimekata tamaa, lakini niliogopa kuacha.

Alasiri ilikuwa inakwisha alipotoka. Hakutoka mbali. Alikuwa amejilaza kwenye mtaro wa maji nyuma ya dungu la pili, amejifunika majani makavu, na sisi tulikuwa tumepita juu yake kutwa nzima. Mabua yalitikisika, akasimama, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilitaka kumkimbilia, lakini nilijilazimisha kuendelea kupiga mchi.

Bi Sijaona alikuwa ameshainama. Alimgeuzia mgongo, mikono ameirudisha nyuma, kama alivyozoea, ili mtoto apande ambebe. Somoe alikuja polepole, miguu inamtetemeka, akafika alipo shangazi yake. Akampita. Bi Sijaona alibaki ameinama vilevile, mikono nyuma, anaangalia chini nyayo za mtoto zinavyopita kando yake.

Alifika kinuni. Akatazama ndani, akatazama punje zilizomwagika chini, akanitazama mimi.

"Mwalimu, unaumwaga," akasema. "Nipe."

Nikampa mchi, nami nikakaa chini nikalia.